Mwacheni Akimbie: Mazoezi kwa Mwenye Kifua Kibovu

Baada ya sala ya alasiri, jua likianza kupunga, vijana wa mitaa yetu ya Mwambao humiminika viwanjani na pwani kucheza mpira. Na katika mtaa hakukosi mtoto mmoja aliyekalishwa barazani, kazi yake kuwatazama wenziwe. Ukiuliza mbona hachezi, nyanyake atakujibu: "Huyu kifua chake kibovu, mwanangu. Akikimbia kidogo tu hukohoa." Basi mtoto hukaa kitako, akapewa chai ya tangawizi, na kila apitaye akamwonea huruma.

Huruma ni jambo jema. Lakini iko huruma inayojenga na iko inayobomoa, na kuzipambanua hizi mbili si kazi rahisi kwa mzazi mwenye mapenzi. Leo, ndugu msomaji, twataka kulitazama jambo hili kwa kuufuata ugonjwa mmoja ambao wengi wetu hatujapata kuusikia, nao ni sistiki faibrosisi. Zamani mtoto akiwa nao alilazwa akatunzwa asitikisike. Leo huambiwa akimbie.

JASHO LENYE CHUMVI

Ugonjwa huu hauambukizwi kama kifua kikuu, wala hauletwi na baridi ya usiku. Mtu huzaliwa nao. Mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili wakiwa wameubeba bila kujijua, kwani wao wenyewe ni wazima wasio na dalili yoyote. Wazazi wa namna hiyo, kila wanapopata mtoto, pana nafasi moja katika nne kwamba atazaliwa mgonjwa.

Kiini chake ni chumvi. Katika chembechembe za mwili mna vijilango vipitishavyo chumvi, na chumvi ikipita, maji huifuata. Kwa mgonjwa huyu vijilango hivyo havifanyi kazi. Ute ambao kwa mwenye afya huwa mwepesi na kuteleza, kwake huwa mzito na kunata kama gundi. Huziba njia za hewa mapafuni, viini vya maradhi vikafanya makao humo, na kila vinapochacha huacha kovu. Huziba pia mirija ya kongosho, chakula kisisagike vyema, mtoto akakonda hata kama ala sana. Na jasho lake huwa na chumvi nyingi mno, hata mama akimbusu mwanawe kwenye paji la uso huionja.

Daktari Dorothy Andersen wa New York ndiye aliyeueleza ugonjwa huu kwa ukamilifu, mwaka 1938. Kisha, katika joto kali lililoupiga mji huo mwaka 1948, ikaonekana kwamba miongoni mwa watoto walioletwa hospitalini wamelegea kwa joto, wengi walikuwa na ugonjwa huu. Madaktari wakaanza kutafakari, na mwaka 1953 Paul di Sant'Agnese na wenzake wakaonyesha kwamba siri imo ndani ya jasho. Hata leo jasho hupimwa chumvi ili kuuthibitisha ugonjwa.

Msomaji asidhani haya ni maradhi ya Wazungu peke yao. Ni kweli kwamba wao ndio wanaopatwa zaidi. Lakini wataalamu wameyakuta pia Oman na Imarati, na wameyakuta kwa watu weusi wa Afrika Kusini na wa Marekani. Sisi wa Mwambao, wenye jamaa Maskati na Dubai na damu zilizochanganyika tangu enzi za majahazi, hatuna sababu ya kusema hayatuhusu.

KUTOKA HEMANI HADI UWANJANI

Katika miaka ya 1950, huko Marekani, ilikuwa nadra mtoto mwenye ugonjwa huu kufikia umri wa kuingia shule. Madaktari walijitahidi kwa walichokijua. Mojawapo ya tiba ilikuwa kumlaza mtoto usiku ndani ya hema lililojazwa ukungu, kwa matumaini kwamba unyevu ungeulainisha ute. Mtoto aliamka asubuhi shuka zimerowa. Baadaye, tiba hiyo ilipochunguzwa, haikuonekana kuwa na faida iliyotarajiwa, ikaachwa.

Taratibu fikira zikageuka. Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 109 waliopimwa uwezo wa miili yao katika mazoezi, kisha wakafuatwa kwa miaka minane. Katika kundi la wenye uwezo mkubwa, watu 83 kwa kila 100 walikuwa wangali hai. Katika kundi la kati, 51. Katika kundi la wanyonge, 28.

Hapo mtu aweza kupinga: huenda wale wenye nguvu hawakuwa wagonjwa sana tangu mwanzo. Ni hoja ya haki, na ndiyo sababu hesabu kama hiyo haitoshi peke yake. Kwa hivyo wataalamu wa Toronto, nchini Kanada, wakawagawa wagonjwa makundi mawili pasipo kuchagua nani aende wapi. Kundi moja liliendelea na maisha yake ya kawaida. La pili lilitakiwa kufanya mazoezi nyumbani dakika 20, angalau mara tatu kwa wiki, kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yalipotolewa mwaka 2000, mapafu ya wenye kufanya mazoezi yalikuwa yamepoteza uwezo polepole zaidi kuliko ya wenzao.

Hawakupona. Hilo ni lazima lisemwe wazi. Lakini kwa ugonjwa ambao kila mwaka humega kipande cha pumzi, kuchelewesha kumegwa ni kupata miaka.

KIKOHOZI CHA FAIDA

Mambo haya huwaje? Mtu akikimbia, akiogelea au akiruka kamba, hewa huingia na kutoka kwa kasi na kwa kina. Hewa hiyo huusukuma ute na kuubandua kwenye kuta za mapafu, na mtikisiko wa mwili husaidia. Mtoto hukohoa, makohozi yakatoka. Kile kikohozi ambacho nyanya alikiona ni ushahidi wa madhara, kwa mgonjwa huyu ndicho kinachotafutwa. Misuli ya kifua nayo hupata nguvu, mifupa ikakaza, na hamu ya chakula ikaja.

Yuko mwanamke mmoja wa Kanada, Lisa Bentley, aliyegunduliwa kuwa na ugonjwa huu akiwa na umri wa miaka 20. Alikuwa mwalimu wa shule. Aliingia katika mashindano yale ambayo mtu huogelea karibu kilomita nne, akapanda baiskeli kilomita 180, kisha akakimbia kilomita 42, yote siku moja. Alishinda mashindano ya namna hiyo mara 11. Bila shaka si kila mgonjwa aliye na bahati hiyo, kwani ugonjwa huu hauwashiki wote kwa ukali mmoja. Wapo ambao kutembea hadi dukani na kurudi ndiyo mbio zao, na hizo pia huhesabiwa.

TAHADHARI

Mazoezi yana masharti yake. Mgonjwa huyu hupoteza chumvi upesi, na katika joto kama letu la Januari na Februari anahitaji maji na chumvi zaidi kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Siku ya homa apumzike. Kufunga Ramadhani kwake ni jambo la kumwuliza tabibu na mwanachuoni kwa pamoja, kwani dini imempa mgonjwa ruhusa.

Lipo na sharti jingine lenye uchungu. Mwenye ugonjwa huu aweza kucheza na mtu yeyote ila mwenziwe mwenye ugonjwa ule ule, kwa kuwa viini vya mapafuni mwa mmoja vyaweza kumwangamiza mwingine. Ndiyo sababu kambi za likizo walizokuwa wakikutania watoto hawa huko Marekani zilifungwa katika miaka ya 1990. Yule ambaye angekufahamu zaidi ndiye usiyeruhusiwa kumkaribia.

Na mazoezi hayachukui nafasi ya dawa. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa mpya iunganishayo tatu kwa pamoja, ambayo huvisaidia vile vijilango vibovu kufanya kazi. Imewainua wagonjwa wengi waliokuwa wamekata tamaa. Lakini bei yake ilipotangazwa huko ilipita dola 300,000 kwa mwaka, na si kila aina ya kasoro inayokubali dawa hiyo. Nani katika sisi aliye na fedha hizo? Wanja wa mpira na maji ya bahari, alhamdulillahi, havijatiwa bei.

Basi turudi kwa yule mtoto wa barazani. Hatusemi kwamba ana sistiki faibrosisi. Huenda ana pumu, huenda ni kifua kikuu, huenda ni moyo, na kila kimoja kina njia yake. La kwanza ni apelekwe kwa daktari apimwe, lijulikane linalomsumbua. La pili, daktari aulizwe swali ambalo wazazi wengi hatuliulizi: "Je, acheze kiasi gani?" Twauliza ale nini, anywe dawa saa ngapi, alale wapi, na la kucheza twaliamua wenyewe, kwa woga.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Jawabu likiwa acheze, nyanya na alikunje lile shuka, amtilie maji chupani, amsindikize hadi ukingoni mwa kiwanja. Akimsikia anakohoa, asikimbilie kumrudisha. Angoje, amtazame.