Mguu Uumao Njiani: Si Kila Mara Ni Baridi Yabisi

Mzee mmoja, fundi wa kushona kanzu hapa Majengo, aliingia chumbani mwangu akichechemea. Nilipomwamkia shikamoo hata hakungoja nimwulize hali. "Marahaba, daktari. Baridi yabisi imenila mguu huu," akaniambia. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa amekandwa, amechuliwa kwa mafuta ya moto, na kumeza vidonge vya maumivu vya kununua dukani.

Nilimtaka anieleze maumivu hayo humshika wapi. Akasema kwamba akitoka nyumbani kwenda Marikiti, kabla hajafika Mwembe Tayari, nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti hukaza kana kwamba imefungwa kamba. Basi husimama akijifanya anatazama bidhaa za wachuuzi. Baada ya dakika chache maumivu humwondoka, akaendelea na safari, na akienda mwendo ule ule hurejea tena. Lakini akiketi kwenye cherehani kutwa nzima hasikii lolote.

Msomaji, yatie maneno hayo akilini. Baridi yabisi ni maradhi ya viungo. Aghalabu huuma hata mtu akiwa amekaa, na ukavu wake huzidi asubuhi. Maumivu yajayo kwa mwendo na kuondoka kwa kusimama ni kilio cha nyama inayokosa damu.

Damu hutoka moyoni kwa mishipa iitwayo ateri, ikachukua oksijeni na chakula hadi vidoleni, kisha hurudi moyoni kwa mishipa ya vena. Ateri ya mtoto ni laini ndani. Miaka ipitapo, mafuta ya kolesteroli hujipenyeza katika ukuta wake, ukanenepa na kuwa mgumu, na njia ya damu ikawa nyembamba. Mtu akiketi, damu hiyo kidogo humtosha. Akitembea, nyama hudai zaidi na haipati. Mambo yanayoharakisha uharibifu huu ni kisukari, presha, kolesteroli nyingi na, kwa ateri za miguu hasa, tumbaku. Fundi wetu alivuta sigara tangu ujana wake.

Nilipomvua viatu, mguu wa kulia ulikuwa baridi kuliko wa kushoto, na mpigo wa damu ambao husikika kwa ncha za vidole upande wa juu wa mguu haukuwapo. Tukampima presha kwenye kifundo cha mguu na kuilinganisha na ya mkono. Kwa mtu mzima wa afya hukaribiana. Ile ya mguu ikigawanywa kwa ile ya mkono na jibu likawa chini ya 0.9, ateri zimeziba kiasi. Yake ilikuwa 0.6. Kipimo hiki hakina sindano wala gharama kubwa, na bado wagonjwa wengi hawafanyiwi. Nami sijitoi lawamani: nilipokuwa mgeni kazini nilimwandikia mama mmoja dawa za viungo mara tatu kabla sijamvua viatu.

Mguu ukiachwa hivyo, maumivu huanza kuja usiku kitandani, kisha hutokea kidonda kisichopona, na mwisho vidole hugeuka vyeusi na kuoza. Hapo ndipo panapozungumzwa habari za kukata. Wenye kisukari wamo hatarini zaidi, kwani neva zao hufa ganzi wasihisi kitu. Mkanda tofali la moto humuunguza mgonjwa wa namna hii naye amelala kimya. Zaidi ya hayo, mafuta yaliyoziba mguuni hayakuchagua mguu peke yake. Wengi wenye maradhi haya huuawa na mshtuko wa moyo au kiharusi.

Tiba ya kwanza ni kuacha sigara kabisa. Ya pili huwashangaza wagonjwa: kutembea. Tembea mpaka mguu uume sawasawa, simama upoe, kisha endelea, kwa dakika 30 hadi 45, angalau mara tatu kwa juma, kwa miezi mitatu. Daktari ataongeza statini ya kupunguza kolesteroli, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na za presha au kisukari zikihitajika. Aspirini usijianzishie mwenyewe. Huweza kutoboa tumbo. Haya yasipofaa, wako wataalamu wa kupanua ateri kwa kipira kidogo, au kushona njia nyingine ya kupitisha damu.

Mguu ukigeuka ghafla kuwa baridi, mweupe na wenye ganzi, nenda hospitali saa ile ile. Ukichelewa kwa saa sita hivi huenda usiokolewe. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe kabla ya kupimwa. Huenda damu imeganda ndani ya vena, na bonge hilo likichomoka huweza kukimbilia mapafuni na kuua.

Fundi wetu ametimiza mwezi wake wa nne. Sasa hufika Marikiti kwa kusimama mara moja tu. Sigara amepunguza hadi mbili kwa siku, na kila akija tunagombana juu ya hizo mbili.