‘Uchache’ si ‘upungufu’: Somo kutoka kwa jeni ya Duffy

KIJANA mmoja wa bodaboda hapa Lucky Summer alinisimamisha langoni majuzi, mkononi ana karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne.

“Mwalimu, hebu nisomee hii. Wameniambia nina upungufu wa seli nyeupe. Ama ni ule ugonjwa?”

Alikuwa amepimwa kwa ajili ya kazi tu. Haugui wala halalamiki popote, lakini siku tatu hakuwa amepata usingizi. Karatasi ilisema ana neutrofili 1,300 katika kila mikrolita ya damu, ilhali kiwango cha chini kilichochapishwa kando ni 1,500.

Mimi ni mwalimu wa lugha, si daktari. Nilimshauri arudi kwa daktari. Hata hivyo, neno “upungufu” lilinikera, na nilipolifuatilia nikafika kwenye jeni iitwayo ACKR1. Wengi huijua kwa jina la Duffy, mgonjwa wa Uingereza aliyewawezesha wataalamu kutambua kundi hilo la damu mwaka wa 1950.

Jeni hii hufanya nini? Seli za mwili huzungumza. Panapotokea jeraha au maambukizi, seli za mahali hapo hutoa kemokini, yaani protini ndogo zinazoita seli nyeupe zije kusaidia. Vipokezi vingi vya kemokini vikiguswa hupitisha ujumbe hadi ndani ya seli. Kipokezi cha ACKR1 ni tofauti: hudaka kemokini bila kupitisha ujumbe huo wa kawaida. Juu ya seli nyekundu, huwa kama sifongo inayofyonza kemokini zilizozidi kwenye damu.

Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara hawana kipokezi hiki kwenye seli zao nyekundu. Mwaka wa 1995 ilibainika kwamba herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye swichi inayoiwasha jeni hiyo katika seli nyekundu. Kwingineko, kama kwenye kuta za mishipa ya damu, jeni huendelea na kazi yake.

Badiliko hilo lina faida. Mwaka wa 1976, Louis Miller na wenzake walionyesha kuwa kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium vivax huhitaji kipokezi hicho kama mlango wa kuingilia seli nyekundu. Baadaye imeonekana kwamba kinga hii si kamili. Isitoshe, Plasmodium falciparum, anayesababisha malaria nyingi hapa Kenya, hutumia milango mingine. Kwa hivyo chandarua kibaki kitandani!

Watu wasio na kipokezi hicho huwa pia na neutrofili chache katika damu, na kwa kawaida uchache huo hauwaletei maambukizi zaidi. Lakini viwango vingi vinavyochapishwa kwenye karatasi za maabara vilitokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya.

Hapo ndipo lugha inapoingia. “Upungufu” hutokana na “pungua”. Maji ya mtungi hupungua kwa kuwa awali yalikuwa mengi. Anayeambiwa ana upungufu husikia kuwa amepoteza kitu, au hajafikia anapopaswa kufika. “Uchache” hutaja idadi tu, bila kuhukumu. Vivyo hivyo, “kasoro ya jeni” humfanya mtu kuwa kiumbe kibovu, ilhali “tofauti ya jeni” ingetosha.

Sisemi kila uchache ni salama. Dawa fulani na maradhi fulani hupunguza kwelikweli seli nyeupe, na ni daktari anayeweza kutofautisha. Ninachoomba ni kwamba maabara zetu ziandike “uchache” hadi upungufu uthibitishwe.

Kijana alirudi kwa daktari na karatasi nyingine ya miaka minne iliyopita. Hesabu ilikuwa karibu ileile. Hakuna kilichokuwa kimepungua, ila usingizi wake.