Chemchemi Yenu Inang'aa. Kwa Hiyo?

Kila nikifika shule ya kijiji, Muleba au Bukoba Vijijini, swali huwa lile lile: "Mhandisi, chemchemi yetu inang'aa, babu zetu wameinywa. Dawa ya nini?" Nimelijibu kwa upole vya kutosha. Leo sina upole.

Tazameni tulivyokaa. Nyumba ziko juu, ndani ya vibanja vya migomba. Migomba inatiwa samadi, choo cha shimo kiko nyuma ya nyumba, chemchemi iko bondeni. Mvua ya Bukoba, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, hupita kwenye samadi, hupita jirani na shimo, huzama katika nyufa za mawe ya mchanga, kisha hutokea bondeni ikiwa maji baridi na maangavu. Udongo mzito huchuja. Ufa wa mwamba hauchuji bakteria. Mnasifu kutokuwepo kwa tope, jambo ambalo hakuna aliyelilalamikia.

Hoja ya babu ndiyo dhaifu kuliko zote. Babu anayesimulia ni yule aliyepona. Ndugu zake waliochukuliwa na kuhara kabla ya kufikisha miaka mitano hawahudhurii vikao vya kamati ya shule.

Mtaniambia maji ni matamu. Mwaka 1854, mjane mmoja wa Hampstead, London, aliyapenda mno maji ya pampu ya Broad Street, mtaa wa mbali, hata akawa analetewa kwa mkokoteni. Akafa kwa kipindupindu, na kifo chake kikawa miongoni mwa ushahidi wa daktari John Snow kwamba ugonjwa ulikuwa ndani ya maji yale. Ulimi si kipimo, wala jicho. Maji ya kunywa hupimwa maabara, na katika mililita 100 asionekane hata bakteria mmoja wa kinyesi, E. coli. Na yapimwe baada ya mvua kubwa, si siku ya jua anapokuja mgeni rasmi.

Basi mfanye nini? Anzeni na paa. Wanafunzi 600 wakinywa lita moja kila siku kwa siku 194 za masomo, ni lita 116,400. Paa la mita za mraba 100, hata likipoteza theluthi ya mvua, hukinga zaidi ya lita 130,000. Tangi lipimwe kwa kiangazi: siku 30 za masomo bila mvua ni lita 18,000. Wekeni gata, wavu, na bomba la kumwaga mvua ya kwanza inayoosha bati. Tieni klorini, subirini dakika 30. Ibaki miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Ndoo iwe na koki, kikombe kisichovywe. Kuchemsha kwa wanafunzi 600? Kuni za nani? Chemchemi ijengewe, izungushiwe uzio, choo kisikaribie mita 30, ibaki ya kufulia na kudekia. Walio kando ya ziwa, msiwatume watoto kuteka majini, kuna kichocho. Hela ya klorini iandikwe kwenye bajeti ya shule mapema, isisubiri mchango wa wazazi. Na ufunguo wa tangi akae nao mtu anayekuwepo shuleni Jumatatu asubuhi, si mwenyekiti wa kamati aliyesafiri kwenda Mwanza.