Masafa ya Bure Yanapokwama Bondeni

Kutoka ukingo wa Irente, karibu na Lushoto mjini, Mazinde huonekana chini kabisa na nyika ya Wamasai ikipotelea upeoni. Fundi wa intaneti isiyo na waya akifika hapo hufurahi, kwani dishi mbili zinazoonana zinaweza kurushiana data kwa makumi ya kilomita. Tabu ni kwamba wateja hawaishi ukingoni. Wako Soni, Lukozi, Mlalo na vitongoji vilivyojificha nyuma ya vilima.

Mtoa huduma mdogo kwa kawaida huanza na gigahezi 2.4 na 5, masafa yale yale ya waifai ya nyumbani. Hayauzwi kwa mnada wala hayana mwenyewe. Muhimu ni kifaa kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) na kisizidishe nguvu. Ila bure hiyo haina ulinzi. Jirani akifunga dishi lake likakuvurugia mawimbi, huna pa kushtaki. Sehemu ya gigahezi 5 hutumiwa pia na rada, na tangu mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2003, kifaa hutakiwa kusikiliza kwanza. Kikisikia rada, kihame chaneli.

Halafu kuna miti. Kwenye njia ya kilomita 10, wimbi la gigahezi 5.8 huhitaji nafasi yenye nusu kipenyo cha mita 11 hivi katikati ya safari. Eneo hilo limepewa jina la mwanafizikia Mfaransa, Augustin Fresnel. Mafundi huridhika asilimia 60 yake ikiwa wazi, yaani karibu mita 7. Mkaratusi uliokuwa mfupi siku mnara unasimikwa huweza kuziba njia baada ya misimu michache, na majani yakilowa mvua hali huwa mbaya zaidi.

Masafa ya televisheni, megahezi 470 hadi 694, huvumilia majani na kupinda kidogo juu ya vilima. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Desemba 31, 2012, ikianzia Dar es Salaam, na chaneli zikabaki wazi. Wazo la kutumia chaneli zilizo wazi ni rahisi: kifaa huuliza kanzidata chaneli ipi haina kituo mahali hapo, kisha huiazima bila kumsumbua mrushaji matangazo. Mwaka 2013 Microsoft ilianza majaribio Nanyuki, Kenya, na mwaka huohuo ikatangaza mradi Dar es Salaam pamoja na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mtoa huduma za intaneti UhuruOne. Baadaye mtandao wa jamii wa Kondoa, mkoani Dodoma, ukaichukua teknolojia hiyo.

Si dawa ya kila kitu. Chaneli moja ina upana wa megahezi 8 tu, hivyo kasi si ya kujivunia, na watengenezaji wa vifaa ni wachache.

Kununua masafa nako si kwa wadogo. Mnada wa Oktoba 2022 uliiingizia Tanzania dola milioni 187 hivi, na washindi walikuwa kampuni kubwa za simu. Mtu wa Lushoto hawezi kukaa kwenye meza hiyo, wala hahitaji masafa ya nchi nzima. Kenya mwaka 2021 ilichapisha utaratibu wa leseni na masafa ya pamoja kwa mitandao ya jamii. TCRA nayo ina leseni za ngazi ya wilaya. Iziambatanishe na haki ya kuazima chaneli za televisheni zilizo wazi, maana gigahezi 5 peke yake haitaifikia Mlalo.