Kwa nini wachumba watatu kwenye simu wanaweza kukufaa kuliko mia tatu

Unafungua simu usiku. Inatokea picha ya mtu. Ukimpenda unatelezesha kidole kulia, usipompenda unatelezesha kushoto. Inakuja picha nyingine, na nyingine. Saa nzima imepita, bando limepungua, na bado hujasalimiana na mtu hata mmoja.

Mtindo huu ulienezwa na Tinder, programu ya kutafuta wachumba iliyoanza Marekani mwaka 2012. Kwa nini wingi wa watu unachosha badala ya kusaidia?

Mwaka 2000 watafiti Sheena Iyengar na Mark Lepper walieleza jaribio walilofanya katika duka moja huko California. Waliweka meza ya kuonja jamu, mara aina 24, mara aina 6. Aina 24 zilivuta watu wengi zaidi, lakini kati ya kila watu 100 waliosimama, walionunua walikuwa kama 3 tu. Penye aina 6 walinunua kama 30. Majaribio ya baadaye hayakutoa jibu lilelile kila mara, lakini wahenga nao walishaonya: mchagua nazi hupata koroma.

Je, kompyuta haiwezi kutuchagulia? Mwaka 2017 Samantha Joel na wenzake walichapisha utafiti kuhusu swali hilo. Watu walijaza maswali zaidi ya 100 kuhusu tabia zao na mtu wanayemtaka, kisha wakakutana ana kwa ana kwa dakika chache. Kwa majibu yale, kompyuta iliweza kukisia kwa kiasi nani hupendwa na wengi. Nani hasa angevutiwa na nani, ilishindwa. Mvuto wa kweli huonekana watu wanapokutana.

Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wamebadili mpango. Coffee Meets Bagel, iliyoanzishwa na dada watatu huko Marekani mwaka 2012, ilianza kwa kumletea mtumiaji mtu mmoja tu kwa siku. Hinge iliacha mtindo wa kutelezesha kidole mwaka 2016. Badala yake unachagua picha au jibu fulani la mwenzako na kuandika neno juu yake, ili mazungumzo yapate pa kuanzia. Hinge hujitangaza kuwa imetengenezwa ili ifutwe.

Hapo ndipo penye ugumu. Programu hizi hupata pesa kwa wanaolipia huduma na kwa matangazo. Aliyepata mwenzake huondoka, na anayeendelea kutafuta huendelea kulipa. Mshenga wetu husifiwa ndoa ikifungwa, lakini programu inaweza kufaidika hata isipofungwa.

Ukiitumia, basi, jiwekee mpaka mwenyewe. Zungumza na watu wawili au watatu, si thelathini. Uliza maisha yake yakoje: anaamka kufanya nini, anaishi na nani. Pigianeni simu mapema msikie sauti. Mkiridhiana, kutaneni mchana mahali penye watu, na ndugu au rafiki ajue ulipo. Anayekuomba pesa kabla hamjaonana, achana naye.

Simu inaweza kukufikisha mlangoni. Kama mnapendana, mtalijua hilo mkishaketi na kuzungumza.