Visiwa vya Ziwa la Viktoria: Je, ni Kazi ya Moto?

Mwalimu wa Bukoba au Muleba hana budi kuulizwa siku moja: visiwa hivi vilitoka wapi? Wako wadhanio ya kuwa kila kisiwa chenye majabali kilisukumwa juu na moto wa chini ya ardhi. Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililoua watu wasiopungua 17 katika Kagera na kubomoa nyumba nyingi, swali hili si la kupuuzwa.

Kwanza tutazame Musira, kisiwa kiukabilicho mji wa Bukoba. Magenge yake ni mawe ya mchanga, yaliyopangika tabaka juu ya tabaka, kama magenge ya ufuko wa Bukoba wenyewe. Mawe ya namna hii asili yake ni mchanga uliotandazwa, ukafunikwa, ukashindiliwa hata ukawa mgumu. Na umri wake wapita miaka milioni 500. Shimo la mlima wa moto halipo.

Lakini ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya, viko visiwa vyenye asili ya moto, yaani Rusinga na Mfangano. Hapo palikuwa na mlima wa moto uitwao Kisingiri, uliotoa majivu na mawe yaliyoyeyuka yapata miaka milioni 20 hata 17 iliyopita, kisha ukazimika. Majivu yale yalifunika na kuhifadhi mifupa ya wanyama wa zamani. Na katika mwaka 1948 Mary Leakey aliona huko Rusinga fuvu la nyani wa kale sana.

Hata hivyo, Rusinga nayo haikuzuka majini, kwa kuwa ziwa ni changa mno. Nchi ya magharibi iliinuka, mito ya Kagera na Katonga iliyokuwa ikielekea huko ikazuiliwa, maji yakatuama. Na umri wa ziwa wakadiriwa kuwa miaka 400,000 tu. Tena kina chake hakizidi sana meta 80, na yapata miaka 15,000 iliyopita lilikuwa limekauka. Siku zile Musira na Bumbire vilikuwa vilima vya nchi kavu.

Basi katika kufundisha tuchague maneno kwa uangalifu. Tusiseme, "kisiwa kilizuka ziwani", tuseme, "maji yalikizunguka kilima." Kilima ndicho mwenyeji, ziwa ndilo mgeni.

Mtoto akiuliza kama Musira itatoa moto, ajibiwe, hapana. Akiuliza kama ardhi yaweza kutikisika tena, ajibiwe, yaweza. Maana tetemeko lile lilitokana na mvutano wa nchi katika eneo la Bonde la Ufa, na mvutano huo haujakoma. Wala hapana ajuaye siku yake. Kwa hiyo kuta na zijengwe imara, na watoto wazoezwe kujikinga.