Muuaji Anapopewa Zamu ya Kusimulia (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliishia pale Victor Frankenstein alipomkimbia kiumbe aliyemuumba kwa mikono yake. Msomaji anayesonga mbele kutoka hapo hana shaka ni nani wa kuonewa huruma. Victor ndiye anayesimulia, na kujieleza anakujua. Mdogo wake, William, ameuawa. Justine, mtumishi wa nyumbani kwao, amenyongwa kwa kosa lisilo lake. Kila tunachojua kuhusu yule kiumbe kimepitia kinywani mwa mtu anayemchukia.

Ndipo Mary Shelley, katika riwaya hiyo ya mwaka 1818, anapomnyang'anya Victor zamu na kumpa muuaji. Kwa sura kadhaa kiumbe anasema kwa nafsi ya kwanza. Anaeleza alivyojibanza kando ya nyumba ya mzee De Lacey, alivyojifunza lugha kwa kuchungulia na kutega sikio kwenye ufa wa ukuta, alivyowakusanyia kuni usiku bila wao kumjua. Siku alipojipa moyo akabisha hodi, mzee alimkaribisha ndani. Mzee huyo ni kipofu. Alichopata kutoka kwa mgeni wake ni sauti tu. Mwanawe Felix aliporudi akamwona, alimshushia fimbo. William bado amekufa, lakini sisi wasomaji hatuko tena tulipokuwa.

Kisa cha De Lacey nimekitaja makusudi. Shinyanga na Geita kuna watu waliohukumiwa kwa kutazamwa. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kavu jikoni. Kuanzia mwaka 2007 hivi zikaenea habari za mauaji ya watu wenye ualbino, viungo vyao vikisakwa kwa imani za utajiri, wa machimboni ukiwemo. Sasa sikiliza habari za vikongwe hao zinavyosimuliwa. Anaanza jirani: mtoto aliugua ghafla. Anafuata mpiga ramli. Kisha kamanda wa polisi anakemea ramli chonganishi, na habari inaisha. Bibi mwenyewe anatajwa umri na kijiji.

Tuseme basi mtu anaandika riwaya, na msimulizi wake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita. Duara, yaani shimo lake, limemla miezi, matimba ya kulishikilia yamemmalizia fedha, mawe yamesagwa kwenye karasha na kuoshwa mwaloni, na zebaki haikukamata kitu. Mfadhili anadai chake. Mganga anamtajia cha kuleta. Kufikia hapo msomaji anapiga hesabu ya deni pamoja naye, na ndipo penye hatari: ukikaa muda mrefu ndani ya kichwa cha mtu, shida zake unaanza kuziona zako. Mwandishi makini angekata hapo hapo, zamu aipate mtoto wa Buhangija, kituo cha Shinyanga kilichowahifadhi watoto wenye ualbino mbali na makwao.

Mpangilio nao una uzito. Shelley anatuonyesha maiti kwanza, ndipo anampa muuaji nafasi. Angeanza na maelezo ya kiumbe, tungesoma utetezi wa wakili. Bram Stoker hakutaka kujisumbua hivyo: Dracula ya mwaka 1897 imejaa shajara na barua za Harker, Mina na Dakta Seward, ila mwenye jina la kitabu hana hata ukurasa wake.

Ila Shelley ametega mtego mwingine, ambao mimi ndio naupenda zaidi. Hadithi yote inaandikwa na nahodha Walton kwa dada yake, na Victor, kabla hajafa, anayapitia maandishi hayo na kuyasahihisha, hasa mazungumzo yake na adui yake. Kwa hiyo hata yale maneno yaliyotutoa machozi yalipita kwenye kalamu ya Victor. Anapokata roho ndipo kiumbe anatokea chomboni, anasimama juu ya maiti na kuzungumza na Walton ana kwa ana.

Juma lijalo tutavuka ziwa hadi Ukerewe, kwao Euphrase Kezilahabi. Katika Kichwamaji (1974) msimulizi ni Kazimoto, aliyemwendea Sabina kwa nia ya kisasi dhidi ya Manase, kaka wa binti huyo, akaishia kumwoa. Nitauliza ya Sabina tumeyasikia kwa nani.